Uso wa Ukuta na Jicho la Mtazamaji

Jengo lolote hujulikana kwanza kwa uso wake. Mpita njia hutamka kwamba nyumba hii ni imara, ile imechakaa, na nyingine ni ya fahari, kabla hajaugusa ukuta wala kumwuliza fundi aliyeujenga. Hukumu hiyo ya haraka haitokani na ukubwa wa jengo au rangi yake pekee. Kwa sehemu kubwa hutokana na unamu wake, yaani hali ya uso kuwa laini au wenye kuparuza, wenye mifuo, vinundu, viungo vya matofali au nyuzi za nyasi. Jicho huusoma unamu huo kama mkono unavyousoma, ila husoma kwa mbali na kwa msaada wa nuru.

Somo hili si la wasanifu majengo peke yao. Ndani yake mna fizikia ya nuru, mna hesabu za pembe zifundishwazo katika shule za sekondari, na mna jambo la usalama ambalo wakazi wa mkoa wa Kagera walilijua kwa uchungu mwaka 2016. Mahali pafaapo kulichunguza ni Kemondo, bandari ndogo ya Ziwa Viktoria iliyo kilomita zipatazo 20 kusini ya mji wa Bukoba, kando ya barabara iendayo Muleba. Hapo ufuko huelekea mashariki, Ikweta iko karibu, mvua ni nyingi, na nyuso za majengo zimebadilika sana katika muda wa karne moja.

NURU NA AINA MBILI ZA USO

Ziwa lenyewe latosha kuwa mfano wa kwanza. Asubuhi isiyo na upepo maji hutulia, na jua lichomozalo huonekana ndani yake kama katika kioo. Nuru irudishwayo na uso huo laini hurudi kwa pembe sawa na ile iliyojia, tena yote kwa upande mmoja. Upepo ukivuma, viwimbi huinama huku na huku. Kila kiwimbi huendelea kutii kanuni ileile, lakini kwa kuwa vimeelekea pande mbalimbali, nuru hutawanyika, na taswira ya jua huvunjika ikawa njia pana ya kumetameta.

Majengo nayo ni hivyo hivyo. Bati jipya lililopakwa zinki hufanana na maji yaliyotulia. Mtu aliyesimama mahali ambapo miale hurudishwa huumia macho, na mwenzake aliye hatua chache kando huliona bati lilelile likiwa la kijivu tu. Miaka inapopita, zinki huisha na kutu huingia. Uso wa kutu una chembechembe nyingi, kwa hiyo hutawanya nuru kila upande, na paa halitoi tena mng'aro wa kuumiza macho. Udongo mkavu, chokaa na tofali la kuchoma hutawanya nuru vivyo hivyo. Mwanahisabati Johann Lambert alieleza mwaka 1760 kanuni ya uso wa namna hiyo: ukiwa umetawanya nuru kikamilifu, huonekana na mwangaza uleule kila mtazamaji asimamapo.

Kuna tofauti nyingine. Mashimo na mianya ya uso wenye kuparuza hunasa sehemu ya nuru. Mwale uingiapo katikati ya nyasi za kuezekea hugonga unyasi mmoja baada ya mwingine, na kila mara sehemu yake hufyonzwa. Ndiyo sababu paa la nyasi huonekana jeusi zaidi kuliko unyasi mmoja ushikwao mkononi. Mvua huongeza jambo hilo. Mji wa Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na kila ukuta wa udongo wa eneo hilo hubadilika rangi mara unapolowa. Utando wa maji juu ya uso huirudisha ndani sehemu ya nuru iliyokuwa ikitoka, nayo ikafyonzwa na udongo. Ukuta uliolowa huwa mweusi ingawa hakuna rangi iliyoongezwa.

JUA LA IKWETA JUU YA KUTA

Unamu hauonekani kwa nuru pekee. Huonekana kwa kivuli. Kinundu kilicho juu ya ukuta hutambuliwa kwa sababu upande wake mmoja hupata jua na upande wa pili hukosa. Urefu wa kivuli hicho hutegemea pembe ya jua, na hapa hesabu yaweza kufanywa ubaoni.

Achukuliwe ukuta ulioelekea mashariki, nao una safu moja ya matofali iliyochomoza sentimita 1 mbele ya nyingine. Siku ichaguliwe kuwa karibu na Machi 21, wakati jua lipitapo juu ya Ikweta. Siku hiyo jua la Kemondo huchomoza karibu saa 1 asubuhi, hupanda nyuzi 15 kila saa, na hufika kileleni karibu saa 7 mchana. Halifiki kileleni saa 6, kwa kuwa saa za Tanzania zimepangwa kufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, na Kemondo iko karibu na longitudo ya nyuzi 32. Urefu wa kivuli kianguka­cho chini ya safu ile ni urefu wa mchomozo mara tanjenti ya pembe ya jua kutoka upeo wa macho.

Saa 2 asubuhi pembe ni nyuzi 15, na kivuli hakizidi milimita 3. Saa 4 pembe ni nyuzi 45, na kivuli ni sentimita 1 kamili. Saa 6 pembe ni nyuzi 75, na kivuli hufika sentimita 3.7. Saa 6 na dakika 40 pembe ni nyuzi 85, na kivuli huwa sentimita 11.4. Baada ya saa 7 jua huuacha ukuta huo, nao hubaki na nuru ya mbingu tu, ambayo huja kutoka kila upande na kuvifuta vivuli vidogo karibu vyote.

Ukuta haukubadilika hata kidogo, lakini mtazamaji ameonyeshwa kuta nne. Abiria akaribiaye Kemondo kwa meli wakati wa macheo huwa na jua mgongoni, na nuru huzipiga nyumba za ufukoni usoni moja kwa moja. Nyumba hizo huonekana laini na bapa kama zilizochorwa kwenye karatasi. Aziangaliaye karibu na adhuhuri huziona zina mikunjo na makovu.

Hesabu hiyo yaweza kumaliza ugomvi kati ya mwenye nyumba na fundi wake. Lipu yenye kasoro ya milimita 2 tu haina kivuli cha kuonekana saa 2 asubuhi, nayo hukubaliwa kuwa nzuri. Saa 6 na dakika 40 kasoro hiyohiyo hutupa kivuli cha zaidi ya sentimita 2, na mwenye nyumba hulalamika kwamba amedanganywa. Wote wawili wamesema waliyoyaona. Fundi mwangalifu hukagua kazi yake usiku kwa kulaza tochi ubavuni mwa ukuta, ili mwale upite sambamba na uso na kila kinundu kijitaje.

Hata hivyo nyumba nyingi za Kagera zina upenu, na upenu una hesabu yake. Upenu uliotokeza sentimita 60 hufunika kwa kivuli sentimita 60 za ukuta saa 4, mita 1 hivi saa 5, na mita 2.2 saa 6. Kwa hiyo ukuta wenye upenu hauonyeshi unamu wake adhuhuri, maana karibu wote umo kivulini. Saa zake bora ni kati ya saa 4 na saa 5. Upenu uliowekwa kwa ajili ya kuzuia mvua huamua pia ni wakati gani ukuta utasomeka.

Nchi za mbali na Ikweta zina jua la namna nyingine. Siku hiyohiyo ya Machi, jua la adhuhuri mjini London hufika nyuzi 38 na nusu tu, na mchomozo wa sentimita 1 kwenye ukuta wa kusini hutupa kivuli cha milimita 8. Mapambo mazito yaliyochongwa kwa ajili ya jua la chini hayana lazima yoyote katika Ikweta. Hapa mfuo mwembamba uliopigwa kwa ncha ya mwiko watosha kuuchora ukuta.

UMBALI NA UKOMO WA JICHO

Jicho zima lenye afya huweza kutenganisha vitu viwili ikiwa nafasi iliyo kati yake ni angalau sehemu ya 60 ya nyuzi moja. Kwa lugha ya vipimo, nafasi ya sentimita 1 huanza kupotea machoni kwa umbali wa mita 34 hivi. Hayo ni makadirio, kwa kuwa mstari mweusi sana juu ya uso mweupe huonekana kutoka mbali zaidi, na mstari hafifu hupotea mapema.

Kutokana na kanuni hiyo, kila jengo lina nyuso kadhaa kulingana na umbali. Migongo ya bati la kawaida hufuatana kwa milimita 76. Mgongo na bonde vikihesabiwa kila kimoja peke yake, mistari hiyo huungana na kuwa rangi moja katika umbali wa mita 130. Viungo vya matofali vyenye upana wa sentimita 1 hutoweka baada ya mita 34. Unyasi wenye unene wa milimita 3 hutoweka baada ya mita 10. Mtu atembeaye kutoka bandarini kuelekea nyumba yenye paa la bati na kuta za matofali hukutana kwanza na rangi mbili tupu, kisha mistari ya bati, kisha safu za matofali, na mwisho chembe za mchanga ndani ya saruji. Jengo lenye unamu wa daraja nyingi huwa na jambo jipya la kumwonyesha kila akaribiapo. Ukuta mpana wa lipu isiyo na mfuo wowote humwonyesha kitu kilekile kutoka mita 100 hadi mita 5, na huenda hiyo ndiyo sababu watu husema umepooza.

UNAMU KAMA KIPIMO

Mwanasaikolojia wa Marekani, James Gibson, alionyesha katika kitabu alichochapa mwaka 1950 kwamba unamu ni miongoni mwa njia ambazo akili hutumia kupima umbali. Mawe ya njia au safu za matofali huonekana zikisongamana na kupungua kadiri ziendavyo mbali. Akili hujua kwamba matofali hayo yana ukubwa mmoja, basi hupata kutokana na msongamano huo jinsi uso ulivyolala na urefu wake. Tofali ni kipimo kizuri kwa sababu limeumbwa kwa kadiri ya mkono wa mwashi. Mtu aonapo safu 40 hupata picha ya urefu wa ukuta bila kushika rula. Ghala lililopakwa lipu pande zote, lisilo na dirisha, humnyima kipimo hicho, na makadirio yake hupotoka kwa urahisi.

Wajenzi wa zamani waliutumia ujuzi huu kwa makusudi. Mjini Florence, Italia, jumba la ukoo wa Medici lililoanza kujengwa mwaka 1444 lina ghorofa tatu: ya chini ina mawe makubwa yaliyoachwa na vinundu vyake, ya pili ina mawe yaliyosawazishwa yenye mifuo kati yake, na ya juu ni laini. Mtazamaji huhisi uzito ukiwa chini na wepesi ukiwa juu. Karibu zaidi, katika makaburi ya wafalme wa Buganda yaliyoko Kasubi, Kampala, jumba kuu la nyasi lililojengwa mwaka 1882 lilikuwa na pete 52 ndani ya kuba lake, zikihesabu koo za Waganda. Pete hizo ziliupa moyo wa kuba ngazi ambazo jicho lilipanda hadi kileleni. Moto uliliteketeza jumba hilo Machi 2010, na kazi ya kulijenga upya ilipaswa kurudisha pete hizo pamoja na nyasi za juu.

KUTOKA MSONGE HADI BATI

Nyumba ya jadi ya Wahaya, msonge, ni ya jamii hiyohiyo ya majengo ya nyasi. Nyasi hushuka kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, hata paa na ukuta huwa kitu kimoja. Haina pembe wala mstari mkali unaotenga nuru na kivuli, na nyasi zake hutawanya mwanga. Ndani ya kibanja chenye migomba mingi, msonge ulichanganyika na mazingira yake kwa rangi na kwa unamu. Mfano wa msonge unaonekana katika Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam.

Katika karne ya 20, fedha za kahawa zilipoingia Buhaya, nyasi zilianza kuondoka na bati likaingia. Bati lenye migongo lilibuniwa Uingereza, ambako Henry Robinson Palmer alilipatia hataza mwaka 1829. Ile migongo haikukusudiwa kuwa pambo. Huliongezea bati jembamba uwezo wa kutopinda. Lakini machoni mwa majirani, mng'aro wa paa jipya ulisomwa kuwa dalili ya maendeleo, na weusi wa nyasi ukasomwa kuwa dalili ya ufukara. Hukumu hiyo ilihusu uso, wala haikupima kila sifa ya nyumba.

Masikio, kwa mfano, hutoa hukumu tofauti. Nyasi zina vinyweleo vingi ambamo mawimbi ya sauti huingia, husuguana na hewa iliyobanwa, na kupoteza nguvu. Ndani ya nyumba ya nyasi sauti hufa upesi. Darasa lenye sakafu ya saruji, kuta za lipu laini na paa la bati hurudisha sauti huku na huku, na mvua kubwa ikinyesha mwalimu hulazimika kunyamaza. Darasa hilo likiwekewa dari, tena yenye vinyweleo, huanza kusikika kama chumba kingine. Unamu basi huonwa, huguswa, na pia husikiwa.

USO NA UMRI

Unamu humwambia mtazamaji umri wa jengo, lakini si mara zote husema kweli. Magofu ya Kilwa Kisiwani, yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, huonyesha leo mawe ya matumbawe yenye mashimo na makali. Wageni wengi huondoka na wazo kwamba miji ya kale ya Waswahili ilikuwa ya mawe ya kuparuza. Sivyo. Kuta za mawe na chokaa zilipakwa lipu ya chokaa, na mabaki ya lipu hiyo bado yapo. Aliyeikaribia Kilwa kwa jahazi katika karne ya 14 aliona nyuso laini na nyeupe zikirudisha jua la pwani. Mtalii wa leo huona mifupa ya majengo hayo.

Uparuzaji uletwao na wakati una chanzo chake. Matone ya mvua yaangukayo kutoka kwenye paa hurusha udongo juu ya sehemu ya chini ya ukuta. Mianya hushika unyevu, na ndani yake huota kuvu na mimea midogo ya kijani. Ukuta laini husafishwa na mvua, na ule wenye mashimo hulimbikiza. Katika nchi yenye mvua kama Kagera, nyumba ya miaka 10 isiyo na upenu wa kutosha yaweza kuonekana kuukuu kuliko nyumba ya miaka 40 iliyokingwa vizuri.

USO UNAPOFICHA

Mnamo Septemba 10, 2016, tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 lilipiga mkoa wa Kagera. Zaidi ya watu 15 walipoteza maisha, mamia walijeruhiwa, na nyumba nyingi zilianguka au kupasuka. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibiwa vibaya.

Tukio la namna hiyo hufunua yaliyo nyuma ya uso. Tabaka la lipu lina unene wa sentimita 1 au 2. Chini yake yaweza kuwapo matofali mazuri yaliyounganishwa kwa saruji na kufungwa kwa mkanda wa zege, au yaweza kuwapo matofali dhaifu yaliyounganishwa kwa udongo, bila mkanda wala nguzo. Jicho haliwezi kuzitofautisha kuta hizo mbili. Ulaini wa lipu huonekana kama uimara, na mistari ya mawe iliyochorwa juu yake huzidisha dhana hiyo. Ukuta wa matofali wazi, ambao wengi huudharau kuwa haujamalizika, huonyesha viungo vyake kwa kila apitaye: kama matofali yamepishana, kama saruji imejaa, kama pembe zimefungamana.

Kwa hiyo usomaji wa uso ni lazima ufundishwe. Nyufa nyembamba zilizotapakaa kama utando, zisizozidi unene wa unywele, kwa kawaida hutokana na lipu kusinyaa ilipokauka. Ufa wa mshazari uanziao kwenye pembe ya dirisha au mlango, unaopanuka, au mistari miwili ya mishazari inayokatana kama herufi X, huashiria kwamba ukuta wenyewe umevutwa na kusukumwa. Lipu iliyoachana na ukuta hutoa sauti ya uwazi igongwapo kwa kifundo cha kidole. Dalili za aina hiyo hazipaswi kuzibwa kwa lipu mpya kabla mhandisi hajaukagua ukuta, maana lipu mpya hurudisha sura nzuri bila kurudisha nguvu.

MAJARIBIO KWA WANAFUNZI

Jaribio la kwanza hufanywa ndani ya chumba chenye giza. Kijiti chenye unene wa sentimita 1 kibandikwe kwa kulala juu ya ubao uliosimama wima. Tochi ishikwe mita 2 mbali, mbele ya ubao na juu yake, kwanza katika pembe ya nyuzi 15 kutoka mstari wa mlalo, kisha 45, kisha 75. Wanafunzi wapime kila kivuli kwa rula na kulinganisha vipimo na tanjenti za pembe hizo. Kipande cha ukuta wenye lipu kiangaliwe kwa tochi hiyohiyo, kwanza kutoka mbele na kisha kutoka ubavuni.

Jaribio la pili hufanywa nje. Mwanafunzi asimame karibu na ukuta wa matofali wazi wa shule, arudi nyuma polepole hadi viungo visionekane tena, na umbali upimwe kwa hatua au kwa utepe. Upana wa kiungo ukigawanywa kwa umbali huo, vipimo vyote vikiwa katika sentimita, hupatikana tanjenti ya pembe ndogo kabisa ambayo jicho lake liliweza kuitenga. Matokeo ya darasa zima yaandikwe katika jedwali, pamoja na saa ya kupima na hali ya jua.

Jaribio la tatu lahitaji daftari na subira. Ukuta mmoja wa shule uchorwe saa 2, saa 4, saa 5 na saa 9, pamoja na nyufa zake zote. Nyufa zitakazoonekana saa 4 na kufichika saa 2 ziwekewe alama na tarehe, na zipimwe tena baada ya muhula mmoja. Ikiwa ufa wowote umeongezeka urefu au upana, daftari hilo lipelekwe kwa mkuu wa shule.